Utafiti wa samaki uanzie bwawani kwa mkulima

KILA alfajiri pikipiki na magari yenye makasha ya barafu hutoka katika mialo ya Ziwa Victoria na kuingia Katoro, Geita mjini, Masumbwe na Kahama. Samaki wanaoshushwa hawakai sana sokoni. Ukanda wa dhahabu una wachimbaji, wasaga mawe, madereva na mama lishe ambao hula au kulisha watu kila siku, na wengi wao hulipa fedha taslimu. Kadiri gari linavyoliacha ziwa nyuma kuelekea Shinyanga na Kishapu, ndivyo bei ya samaki inavyopanda na ubichi wake unavyopungua.

Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, hapo ndipo mkulima mwenye bwawa la samaki alipaswa kupata faida. Soko liko jirani, nauli ni ndogo, na samaki wake anaweza kutolewa majini asubuhi na kuliwa mchana wa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, mabwawa mengi ya wakulima wadogo wa mikoa hii hayatoi faida hiyo. Baadhi hukauka kabla samaki hawajakua. Mengine yamejaa sato wa ukubwa wa kidole ambao hakuna mama lishe anayeweza kuwaweka kwenye sahani. Mengine yamebaki makazi ya vyura, na mwenye bwawa amerudi kwenye pamba na mpunga akiwa na deni.

Swali la msingi ni kwa nini hali iwe hivyo wakati nchi ina taasisi ya utafiti wa uvuvi, vyuo vya uvuvi, vituo vya kuzalisha vifaranga na maofisa ugani wa halmashauri. Wakati wa kuuliza swali hilo ni sasa. Ajenda ya utafiti wa uvuvi iliyotungwa kwa kipindi cha 2020 hadi 2025 imemaliza muda wake, na Mpango Kabambe wa Sekta ya Uvuvi, ulioanzia mwaka wa fedha 2021/22, unaendelea hadi 2036/37. Kitakachoandikwa kuwa swali la utafiti ndicho kitakachopewa fedha, na ambacho hakitaandikwa kitasubiri miaka mingine mitano.

Safari iliyoanzia Malya

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika kanda hii. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege na jamii zake nchini yalianza mwaka 1949 katika sehemu mbili, Korogwe na Malya. Malya iko Kwimba, kwenye njia ya reli kati ya Shinyanga na Mwanza. Kwa maneno mengine, mkulima wa Usukuma alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuonyeshwa bwawa la samaki, zaidi ya miaka 75 iliyopita.

Baada ya hapo mabwawa yalichimbwa kwa maelfu katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 1967 ilifanyika kampeni ya kitaifa ya kuhimiza ufugaji huo. Kampeni haikufanikiwa. Sababu zilizotajwa baadaye ni usimamizi mbovu, matumizi ya utaalamu usiofaa, ukame na ubovu wa miundombinu. Watu walihimizwa kuchimba, lakini hawakupewa majibu ya maswali yanayokuja baada ya kuchimba.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana miaka 40 baadaye. Kuanzia mwaka 2009, serikali ya nchi hiyo ilitumia fedha za kuchochea uchumi kuchimba mabwawa 200 ya mita za mraba 300 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, na kugawa vifaranga na chakula. Uzalishaji ulipanda haraka. Ruzuku ilipokwisha, wakulima wengi waliacha, kwa kuwa chakula kilikuwa ghali na vifaranga bora havikupatikana karibu. Somo la Malya na la Kenya ni moja: bwawa ni shimo tu mpaka lipate mbegu, chakula, maji na soko kwa bei ambayo mkulima anaimudu bila kusaidiwa.

Nani anamtafutia nani majibu?

Kabla ya mwaka 1977, utafiti wa samaki wa maji baridi katika Afrika Mashariki uliongozwa kutoka Jinja, Uganda, chini ya Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika, Tanzania ilianzisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1980. Kituo chake cha Mwanza kimefanya kazi kubwa ya kuhesabu na kufuatilia sangara, sato na dagaa wa ziwani. Kazi hiyo ilikuwa lazima, kwani uvuvi wa ziwa hulisha mamilioni ya watu na viwanda vya minofu huingiza fedha za kigeni.

Lakini ziwa lilichukua nafasi kubwa, bwawa likapata mabaki. Aidha, sekta yenyewe imehamishwa mara kadhaa. Ilikuwa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii hadi mwaka 2008, ikapelekwa kwenye mifugo, ikaunganishwa na kilimo mwaka 2015, kisha ikarudi kuwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi mwaka 2017. Wakati huo wote ofisa ugani anayemtembelea mkulima alikuwa mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Mtafiti ana bosi wake, ofisa ugani ana bosi wake, na hakuna kati yao anayepimwa kwa kilo za samaki zilizotoka katika bwawa la mkulima.

Matokeo yake ni kwamba utafiti huandikwa kwa lugha ya wataalamu na kubaki kwenye makabati, huku ofisa ugani akitumia kijitabu cha zamani kilichoandikwa kwa ajili ya mikoa yenye mito isiyokauka. Mkulima wa Shinyanga anaambiwa achimbe bwawa kama la mkulima wa Songea au Mbeya. Mwezi Septemba ukifika, anajua kwamba ushauri ule haukuwa wake.

Kwa hiyo ajenda mpya haina budi kuanza na maswali ya wafugaji na wafanyabiashara wenyewe. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita, maswali manne yanajitokeza wazi.

Swali la kwanza: vifaranga

Sato ni samaki mwepesi kuzaana. Akiwa bwawani huanza kutaga akiwa na miezi michache tu, kabla hajafikia ukubwa wa kuuzwa. Mkulima akipandikiza madume na majike pamoja, baada ya miezi sita anakuwa na mamia ya watoto wanaogombea chakula na hewa, na wote wanadumaa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mabwawa yaliyojaa samaki wadogo.

Tiba zinajulikana. Vituo vya uzalishaji vinaweza kutoa vifaranga vya madume watupu. Mkulima anaweza kuwachagua madume kwa mkono wanapofikia ukubwa wa kutambulika. Au anaweza kuwaweka kambare wachache ndani ya bwawa la sato ili wale watoto wanaozaliwa, mradi kambare hao wawe wadogo kuliko sato waliokusudiwa kuuzwa.

Tatizo ni umbali na uhakika. Serikali ina vituo vya ukuzaji viumbe maji, kikiwamo cha Rubambagwe wilayani Chato na cha Mwamapuli wilayani Igunga. Mkulima wa Bukombe, Mbogwe au Kishapu anayehitaji vifaranga 400 hawezi kukodi gari lenye mapipa ya maji na hewa kwa safari hiyo. Hununua kwa mtu anayepita, bila kujua umri wa vifaranga wala kama ni madume kweli.

Utafiti unaotakiwa hapa si wa kutafuta aina mpya ya samaki pekee. Unatakiwa kujibu swali la biashara: je, mkulima mmoja katika kila tarafa akipokea vifaranga vidogo kutoka kituoni, akavilea kwenye nyavu hadi vifike gramu 20 au 30 na kuviuza kwa wenzake, atapata faida kwa bei gani? Na wangapi watakufa njiani? Likijibiwa hilo, biashara ya vifaranga itaenea bila kusubiri serikali ijenge kituo katika kila wilaya.

Kuhusu aina za samaki, tahadhari inahitajika. Sato aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kutoka nje ya ziwa hilo, na watafiti wameonyesha kwamba katika maji ya Tanzania huzaana na perege wa asili, akiwamo ngege ambaye sasa amebaki zaidi katika maziwa madogo na malambo. Kumtawanya sato kila mahali bila kupima ni kupoteza mbegu ya asili ambayo kesho inaweza kuhitajika kwa uvumilivu wake.

Swali la pili: chakula

Katika ufugaji wa samaki wa kulishwa, chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, na mara nyingi huzidi nusu ya matumizi. Hapa hesabu inasema zaidi kuliko hotuba.

Chukua mfano wa bwawa la mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150, ambalo ni ukubwa wa kawaida kwa mkulima mdogo. Akipandikiza vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, anahitaji 450. Wakifa 90, wanabaki 360. Wakifikia gramu 250 kila mmoja, mavuno ni kilo 90.

Ichukuliwe kwamba samaki wanauzwa shilingi 7,000 kwa kilo na kifaranga ni shilingi 200. Mapato ni shilingi 630,000 na vifaranga vimegharimu 90,000. Chakula cha dukani kikiwa shilingi 2,800 kwa kilo, na kilo 1.8 zikitoa kilo moja ya samaki, zitahitajika kilo 162, yaani shilingi 453,600. Kinachobaki ni shilingi 86,400 tu, kabla ya kulipa vibarua na gharama ya kuchimba bwawa.

Mkulima huyo akitumia chakula cha kuchanganya mwenyewe kwa shilingi 1,400 kwa kilo, na kilo 2.2 zikatoa kilo moja ya samaki, atatumia kilo 198, yaani shilingi 277,200. Kitakachobaki ni shilingi 262,800, mara tatu ya awali.

Lakini mchanganyiko huo huo ukiwa mbovu, kiasi kwamba zinahitajika kilo 4 kupata kilo moja ya samaki, atatumia kilo 360, yaani shilingi 504,000. Chakula kilichoonekana rahisi dukani kimekuwa ghali kuliko kile alichokikimbia, na mfukoni zimebaki shilingi 36,000. Bei hizi ni za mfano, kila mkulima aweke za soko lake, lakini funzo halibadiliki: bei ya kilo ya chakula si bei ya kilo ya samaki.

Sasa, Shinyanga na Geita zina malighafi. Kuna mashudu ya pamba na alizeti, kuna pumba za mpunga wa Kahama, kuna dagaa wa ziwani. Kinachokosekana ni kipimo. Pumba za mashine moja huwa laini na zenye lishe, za nyingine ni maganda matupu. Dagaa wa chakula cha mifugo mara nyingi huchanganyika na mchanga, na mnunuzi hulipia uzito wa mchanga huo. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili ambayo yakizidi kwenye mchanganyiko hudumaza samaki. Hakuna mkulima anayeweza kupima mambo haya kwa macho.

Hapo ndipo maabara ya taasisi ya utafiti inapaswa kumhudumia. Kazi ya msimu mmoja ya kupima malighafi za mashine na viwanda vya Kahama, Shinyanga na Geita, na kutoa michanganyiko miwili au mitatu kwa vipimo vya debe na kilo, ingewasaidia wakulima wengi kuliko makabrasha kumi. Wasagishaji nao wangepata bidhaa mpya ya kuuza.

Swali la tatu: maji ya msimu

Shinyanga ni nchi kavu. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei, na kiangazi hudumu miezi mitano. Katika kanda kavu ya aina hii bwawa linaweza kupoteza milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku kwa kunywewa na jua tu. Katika siku 150 hiyo ni kati ya sentimita 75 na 90. Bwawa la kina cha mita moja linakuwa tope hata kama halivuji tone.

Maji ya bomba ya Ziwa Victoria, yaliyofika Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, ni msaada mkubwa kwa binadamu, lakini si jibu kwa bwawa. Ni maji yaliyosafishwa kwa gharama, yana dawa ya klorini inayodhuru samaki, na bei yake itameza faida yote.

Jibu la karibu zaidi ni kuacha kupigana na kalenda. Udongo mzito mweusi wa mbuga hushika maji vizuri, na mkulima wa mpunga tayari anajua kujenga majaruba. Kama vifaranga vya gramu 30 vingepatikana mwezi Desemba, samaki wangekaa majini miezi sita au saba na kuvuliwa Juni au Julai kabla maji hayajapungua. Malambo ya kijiji yanayokaa na maji muda mrefu zaidi yangetumika kulelea vifaranga vya msimu unaofuata. Majaruba yanaweza kufugiwa samaki sambamba na mpunga, iwapo yatachimbiwa mfereji wa kina wa kukimbilia maji yanapopungua na iwapo mkulima hatapulizia sumu ya wadudu.

Ushauri huu una mantiki, lakini unahitaji kupimwa katika vijiji vyenyewe kwa misimu miwili au mitatu, ukiwamo mwaka wa mvua haba, kabla mtu hajaambiwa akope fedha kwa ajili yake.

Swali la nne: zebaki

Katika ukanda wa dhahabu neno mwalo lina maana mbili. Kwa mvuvi ni mahali pa kushushia samaki, na kwa mchimbaji mdogo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Mialo hii miwili haipaswi kukutana, lakini mara nyingine hukutana majini.

Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki. Sehemu yake hubaki kwenye marudio na kusombwa na mvua hadi kwenye vijito na mabonde. Ndani ya tope zebaki hubadilika kuwa aina yenye sumu kali zaidi, huingia kwa wadudu, kisha kwa samaki, na huongezeka kwa samaki anayekula samaki wenzake. Kwa hiyo kambare huwa katika hatari kuliko sato. Anayedhurika zaidi ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Utafiti uliofanyika Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa baadhi ya samaki wa maji ya karibu na machimbo walikuwa na zebaki juu ya kiwango kinachokubalika, wakati samaki wa Ghuba ya Nungwe ndani ya Ziwa Victoria walikuwa na kiasi kidogo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Hata hivyo, kijana anayetaka kufuga kambare katika shimo la zamani la machimbo lililojaa maji hana mahali rahisi pa kupeleka tope lake likapimwe.

Hili si jambo la kuwatia watu hofu. Mabwawa mengi ya Geita yako mbali na machimbo na samaki wake ni salama. Lakini ikitokea siku moja samaki wa bwawa wakasemwa kuwa na sumu, soko halitachagua kati ya bwawa safi na bwawa chafu. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Ramani ya maeneo yanayofaa na yasiyofaa kufugia, iliyobandikwa katika ofisi za kata, ni kazi ya utafiti inayolinda afya na biashara kwa pamoja. Mpaka itakapopatikana, kanuni ni rahisi: mashimo ya machimbo na mabonde yanayopokea maji ya marudio yasifugiwe samaki wa kuliwa.

Vizimba si jibu kwa wote

Wapo watakaosema kwamba fedha chache zilizopo ziende kwenye vizimba vya ziwani, ambako mavuno ni makubwa na maji hayakauki. Hoja hiyo ina uzito. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa boti na vizimba kwa mkopo kwa wavuvi na wafugaji, mkopo unaopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Vizimba vitaongeza samaki, na kwa wakazi wa Chato na Geita walio kando ya ziwa ni fursa ya kweli.

Lakini mkulima wa Kishapu, Mbogwe au Bukombe hana ziwa. Isitoshe, kizimba kinahitaji mtaji mkubwa na chakula cha kununua kila siku, na hewa ya maji ikipungua usiku mmoja mtaji wote unaweza kuelea asubuhi. Vilevile, vifaranga na chakula vikiboreshwa kwa ajili ya mabwawa, wenye vizimba nao watafaidika, kwa kuwa wanalia na gharama zile zile.

Pia bwawa halilazimiki kushindana na ziwa. Mwenye bwawa aliye karibu na mwalo hawezi kumshinda mvuvi kwa bei. Nafasi yake iko mbali na ziwa, wakati samaki wa ziwani wamepungua, na kwa ubichi. Mama lishe wa Kakola au Nyarugusu anatafuta samaki mmoja wa kujaza sahani moja, yaani gramu 200 hadi 250. Mkulima anayeambiwa akuze samaki hadi nusu kilo anatumia miezi na chakula kwa ukubwa ambao mnunuzi wake hauhitaji. Wafanyabiashara wanalijua hilo. Hakuna aliyewauliza wakati mipango ya utafiti ilipokuwa inaandikwa.

Shinyanga ina mfano wake

Mkoa wa Shinyanga hauhitaji kwenda mbali kutafuta namna ya kufanya. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ardhi ilikuwa imebaki uchi kwa kufyekwa na kuchungwa kupita kiasi. Miti ya kigeni iliyopandwa mwanzoni haikupokelewa sana. Mambo yalibadilika wataalamu walipogeukia ngitili, utaratibu wa jadi wa Wasukuma wa kutenga malisho ya kiangazi. Utafiti ulijengwa juu ya kile wanakijiji walichokijua, sungusungu na sheria za jadi zikailinda, na maelfu ya hekta zikarudi kuwa kijani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa samaki. Kwanza, kila halmashauri iwaite wafugaji, wauza samaki, wasagishaji na mama lishe, wapange maswali kwa uzito wake, na maswali hayo yapelekwe TAFIRI Mwanza kabla ajenda haijafungwa. Pili, majaribio yafanywe katika mabwawa ya wakulima, yenye hasara na ukame wao, na si katika mabwawa ya kituo yenye pampu pekee. Tatu, ofisa ugani ashiriki tangu siku ya kupandikiza, ili asisubiri ripoti. Nne, kila jaribio liwe na hesabu ya shilingi, kwa sababu teknolojia inayoongeza kilo lakini inapunguza faida si maboresho. Tano, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe mbele ya wakulima, yakiwamo yaliyoshindwa.

Fedha si haba kiasi hicho

Kilio cha kila mwaka ni kwamba utafiti hauna fedha. Kwa mikoa yenye dhahabu kilio hicho kinahitaji kuchunguzwa. Halmashauri zenye migodi hukusanya ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Aidha, mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kampuni yenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia huduma za jamii na kuukubali pamoja na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, jambo jema. Sehemu ndogo yake ikipelekwa kwenye majaribio ya misimu mitatu, upimaji wa zebaki na ulezi wa vifaranga, itabaki kuwa mali ya wananchi hata siku dhahabu itakapokwisha. Kwamba itakwisha si utabiri. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulioanza mwaka 2009, tayari umefungwa.

Kuna pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinaweza kuomba fedha hizo kwa ajili ya mabwawa. Bila majibu ya maswali manne yaliyotajwa, mikopo hiyo itachimba mashimo mapya juu ya makosa ya zamani, na kikundi ndicho kitakachobaki na deni. Halmashauri inayokopesha kwa mradi wa samaki ina wajibu wa kujua kwanza vifaranga vitatoka wapi, maji yatadumu hadi mwezi gani na nani atanunua.

Wakulima nao wana sehemu yao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji anayeandika tarehe ya kupandikiza, idadi ya vifaranga, kilo za chakula na shilingi za mauzo anampa mtafiti kitu ambacho maabara haiwezi kukitengeneza. Wafugaji 20 wa wilaya moja wenye daftari za namna hiyo wanaweza kuingia katika kikao cha bajeti na kusema kwa takwimu ni nini kinachowakwamisha. Wafanyabiashara wa samaki wakiongeza daftari zao za bei za kila mwezi, picha itakamilika.

Malya ilionyesha mwaka 1949 kwamba samaki wanaweza kufugwa Usukumani. Hilo halihitaji kuthibitishwa tena. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba familia yenye bwawa la mita 150, katika nchi ya kiangazi cha miezi mitano na vijito vya machimbo, inaweza kuvuna, kuuza, kulipa deni na kubaki na kitu. Wizara, taasisi ya utafiti na halmashauri za Shinyanga na Geita zinapokaa kuandika mpango wa miaka ijayo, zianze na swali hilo. Na wakulima wasisubiri kuitwa. Ofisi ya mifugo na uvuvi ya wilaya ina mlango, na ajenda bado inaandikwa.